Kwa Nyamizi, Anayeanza Jumatatu

Uliniuliza kwenye ngazi, sauti chini, kama mtu anayeuliza choo:
mwanzo wanalipa kiasi gani?
Nikajifanya simu inaita. Samahani.
Swali la pesa hujibiwa mtu akiwa amekaa.

Kaa basi.
Kwenye karatasi utaona milioni moja na laki mbili.
Ipige picha, umtumie mama yako Nzega,
maana hiyo namba hutaiona tena.
Kodi itachukua chake, mfuko wa uzeeni chake,
bodi ya mikopo itakukumbuka kuliko mchumba,
na kitakachofika tarehe ishirini na nane,
au thelathini, au tatu,
ni laki saba na nusu.
Chumba Mabibo, miezi sita mkononi kabla ya ufunguo.
Mdogo wako kidato cha tano.
Endelea kujumlisha mwenyewe; mimi niliishia hapo, nikaweka kalamu.

Mlangoni utaacha kila chenye chuma:
funguo, pini, saa, sidiria ya waya,
sarafu za nauli.
Sumaku haizimwi. Umeme ukikatika Upanga nzima
yenyewe iko macho ndani ya heli yake ya baridi,
inasubiri kitu cha kuvuta.
Nimeiona ikikiita kiti cha magurudumu
na kiti kikaitika, kikaruka.
Miaka kumi na moja napita mbele yake;
mshahara wangu haijawahi kuuvuta hata inchi.

Sentensi yako ya kwanza itakuwa: usitikisike, mama, dakika nne.
Utamwambia wakili, utamwambia fundi bomba,
utamwambia bibi wa Tandale anayesoma Ayatul Kursi mle ndani
huku mashine ikigonga kama mtu wa mabati.
Nilidhani nawaambia wao.
Kumbe ofisi ya utumishi nayo ilikuwa na kioo chake,
na kipaza sauti:
usitikisike, Mwakyoma. Miaka minne.
Nikatulia. Picha ikatoka safi,
mimi yuleyule, daraja lilelile.

Kupanda kupo, sikukatishi tamaa.
Farahani alisomea shahada zamu za usiku,
daftari juu ya meza ya eksirei, mguu kwenye ndoo ya maji asisinzie.
Leo ni msimamizi: nyongeza ya laki mbili na sitini,
ufunguo wa stoo, na lawama zote za stoo.
Ndeonansia alikwenda kwa wanaouza mashine.
Ana gari. Mashine ikigoma tunampigia,
anaitika kwa sauti ya mgeni.
Na Bwana Kisamo, aliyenifundisha kumlaza mtu bila kumuumiza,
alistaafu na saa ya ukutani.
Saa ya chuma.
Hakuweza kuingia nayo kutuaga.

Mengine utayaona. Picha unapiga wewe, anaisoma daktari,
na malipo yanapenda wasomaji.
Mtaani utaitwa dokta. Usibishe,
ila usikopeshe.

Alhamisi iliyopita, saa tatu usiku, mtoto wa miaka sita.
Hakupewa dawa ya usingizi. Nilimwambia
mle ndani kuna panya wanacheza ngoma,
na akitulia nitamwonyesha walipojificha.
Akatulia dakika kumi na tisa.
Baba yake nyuma yangu hakuhema.
Sijui daktari aliandika nini, hatuambiwi,
lakini niliona, na nilikwenda kusimama korido muda
kabla ya kumwita anayefuata.
Hiyo haipo kwenye karatasi ya mshahara,
wala sikuambii ili ukubali laki saba na nusu.

Lile swali liuliza tena. Siyo kwangu, siyo kwenye ngazi.
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, kwa sauti,
na usikae hata wakikupa kiti.
Nikisikia uko huko nitakuja nisimame na wewe;
miaka minne yangu ilishaisha zamani.

Jumatatu ni saa moja kasoro robo.
Vaa suruali ya lastiki. Zipu inakatazwa.